“Surprisedly”, “surprisingly” au “in surprise”: uchague lipi kusema mshangao kwa Kiingereza

Sentensi “She looked at me surprisingly” haina kosa la tahajia wala la nyakati, lakini mtu aliyekulia katika Kiingereza akiisoma atasita. Aliyeiandika alikusudia “alinitazama kwa mshangao”. Kilichotoka ni kama “alinitazama kwa namna ya kushangaza”, na msomaji sasa anataka kujua ni namna gani hiyo: alikodoa macho, alifumba jicho moja, au alitazama kichwa chini miguu juu?

Mwanafunzi akishaambiwa kwamba “surprisingly” halifai hapo, hukimbilia “surprisedly”. Sarufi inatulia, na neno lenyewe limo katika kamusi kubwa za Kiingereza. Hata hivyo unaweza kusoma riwaya nzima ya Kiingereza, tena nene, usikutane nalo hata mara moja. Ni neno sahihi ambalo wenyewe hawalitumii, na hilo ni tatizo la aina yake: mwalimu hana haki ya kulipigia mstari mwekundu, lakini mhariri atalibadilisha vilevile.

Kwa hiyo uchaguzi hauko kati ya maneno mawili tu. Kuna “surprisingly” na “surprisedly”, kuna virai vinavyojengwa juu ya nomino “surprise”, halafu kuna majirani kama “unexpectedly” na “amazingly” ambao mara nyingi ndio mtu aliowahitaji tangu mwanzo. Nitavilinganisha vyote, lakini sitavipa nafasi sawa. “Surprisingly” ndilo linalofanya kazi nyingi, na ndilo lenye mitego.

Nani ameshangaa?

Msemaji wa Kiswahili anaingia katika somo hili akiwa na mtaji ambao pengine hajui kama anao. Tunatofautisha kushangaa na kushangaza bila kufikiri. Mtu hushangaa, jambo hushangaza. Hakuna anayesema “habari hii imeshangaa” akimaanisha kwamba habari ni ya ajabu. Kiingereza kina mgawanyo uleule, ila kinautengeneza kwa viambishi -ed na -ing: aliyeshangaa ni “surprised”, kinachoshangaza ni “surprising”. Ukibandika -ly mwishoni, mgawanyo haubadiliki. “Surprisedly” linabaki upande wa kushangaa, “surprisingly” upande wa kushangaza.

Tazama sentensi tatu zenye mtu yuleyule na kitenzi kilekile:

“He answered surprisedly.” Alijibu akiwa ameshangaa, ungeuona mshangao usoni au kuusikia katika sauti.

“Surprisingly, he answered.” Alijibu, na sisi tulidhani hatajibu. Yeye mwenyewe huenda hakushangaa hata chembe.

“He answered surprisingly well.” Alijibu vizuri kuliko tulivyotarajia.

Mshangao umehama kutoka kwa anayejibu hadi kwa anayesimulia. “Surprisedly” linaeleza hali ya mhusika, kitu ambacho kamera ingekipiga picha. “Surprisingly” ni maoni ya msemaji juu ya habari anayoitoa, na hakuna kamera inayoweza kuyanasa. Ndiyo maana kuyachanganya si kosa dogo la kiambishi. Msomaji wa hadithi anapoteza uzi: hajui tena kama anatazama kwa macho ya mhusika au ya mwandishi.

Kabla ya kuandika, isemee sentensi yako kichwani kwa Kiswahili. Ikija na “akiwa ameshangaa”, achana na “surprisingly” mara moja. Ikija na “ajabu ni kwamba” au “kwa kiasi cha kushangaza”, hapo “surprisingly” liko nyumbani.

“Surprisedly”: lina haki, halina wateja

Kwa nini neno lililoundwa kihalali likataliwe na wenye lugha? Sehemu ya jibu iko mdomoni. “Surprised” lina silabi mbili, na ile -ed ya mwisho ni sauti ya d tu. Ukiongeza -ly, -ed inafufuka na kuwa silabi kamili, neno linakuwa na silabi nne: sa-prai-zid-li. Ndivyo inavyokuwa pia kwa “supposed” na “supposedly”, au “marked” na “markedly”. Anayelisoma “surprisedly” kwa sauti kwa mara ya kwanza hujikwaa hapo hapo, na neno linalomkwaza msomaji halipendwi na waandishi.

Lakini matamshi hayamalizi suala. “Excitedly” linatumika kila siku bila mtu kulalamika, na “worriedly” nalo hupita. “Frightenedly” hakuna anayeligusa, na “boredly” linasikika kama mzaha. Yote yameundwa kwa njia moja kutokana na vivumishi vya hisia. Ukitafuta kanuni ya kwa nini moja limekubalika na jingine likaachwa, utazeeka ukitafuta. Ni mazoea, na mazoea ya lugha hujifunzwa kwa kusoma sana, hayana njia ya mkato.

Mahali ambapo “surprisedly” hujitokeza zaidi katika kazi za wanaojifunza ni baada ya maneno ya mhusika. Mathalani:

“Are you leaving already?” he asked surprisedly.

Hebu lifute lile neno la mwisho, usome tena. Hakuna kilichopotea. “Already” limeshabeba mshangao wote, na alama ya kuuliza imeongeza kidogo. Mara nyingi sana kielezi cha mshangao baada ya usemi kinarudia kile ambacho usemi wenyewe umeshakisema, na dawa ni kufuta, bila kutafuta kingine cha kuweka mahali pake.

Pale ambapo usemi haujitoshelezi, Kiingereza kina njia tatu zilizozoeleka. Ya kwanza ni kutumia kivumishi chenyewe kikiwa kimetengwa kwa koma: “She turned, surprised.” Sentensi inakuwa fupi na kali, na sifa inamwendea mtu moja kwa moja. Ya pili ni kuonyesha mwili: “Her eyebrows went up.” “He blinked.” Ya tatu ni kirai “in surprise”, ambacho nitakirudia sasa hivi. Binafsi napenda ile ya kwanza, hasa katika hadithi zenye mwendo wa haraka.

Je, “surprisedly” halina pa kukaa kabisa? Linapo. Ukitaka kulilinganisha na kielezi kingine chenye umbo hilohilo, linakaa vizuri: “He said it not angrily but surprisedly.” Viwili hivyo vinatembea pamoja, na “in surprise” hapo ingevunja mwendo. Nje ya hapo, ukiliona katika rasimu yako, lihoji.

“In”, “with”, “by”, “to”: balaa la neno moja “kwa”

Kiswahili kinasema “kwa mshangao” na kimemaliza. “Kwa” ni neno la ukarimu. Linabeba namna, chombo, sababu na mahali pa mtu. Kiingereza kimegawa kazi hizo kwa vihusishi vingi, na kila kimoja kinapokutana na “surprise” kinatoa maana yake.

“In surprise” ndiyo tafsiri ya karibu kabisa ya “kwa mshangao” inapoeleza tendo la mwili: kutazama, kugeuka, kukodoa macho, kupiga ukelele, kuvuta pumzi kwa nguvu. “She looked at me in surprise.” Hiyo ndiyo sentensi ambayo mwandishi wetu wa mwanzo alikuwa akiitafuta. Ukikumbuka kitu kimoja tu katika makala hii, kumbuka hiki kirai, kwa sababu kinatatua matatizo tisa kati ya kumi.

“With surprise” hupenda vitenzi vya akili: kujua, kugundua, kubaini, kusoma habari. “I learned with some surprise that the office had moved.” Kinakubali pia vipimo kwa urahisi, kama “with some surprise” au “with genuine surprise”, na kina sauti rasmi kidogo. Katika barua kinafaa. Katika hadithi ya watoto kitasikika kama mzee aliyevaa suti.

“By surprise” ni kitu kingine kabisa, na hapa ndipo “kwa” inapotuponza. Neno “surprise” lilitoka katika Kifaransa cha kale, “surprendre”, lenye “sur”, yaani juu, na “prendre”, yaani kutwaa au kukamata. Katika Kiingereza lilianza na maana ya kivita: kuwavamia watu kabla hawajajiandaa. Hisia ilikuja baadaye. “By surprise” imebaki na harufu ile ya uvamizi, na ndiyo sababu inatembea na “take” au “catch”: “The question took me by surprise.” Swali lilinivamia. Huwezi kumtazama mtu “by surprise”, kwa sababu macho yako hayakumvamia.

“To” nayo inamtaja mwenye mshangao: “to my surprise”, “to her surprise”, “to everyone’s surprise”. Linganisha na “surprisingly”. Ukisema “Surprisingly, the patient was walking within a week”, hatujui nani alishangaa; tunadhani ni wewe unayesimulia, au watu wote wenye akili timamu. Ukisema “Much to the doctors’ surprise, the patient was walking within a week”, mshangao umepata mwenyewe, na pengine mgonjwa alijua siku zote kwamba atatembea. Katika masimulizi ninaona “to her surprise” ni bora kuliko “surprisingly” karibu kila mara, kwa sababu inamweka msomaji ndani ya kichwa cha mhusika. “Surprisingly” humtoa nje na kumkalisha karibu na msimulizi.

Hapa ndipo pia mtu anapojaribu kutafsiri “kumbe” na kukwama. “Nilidhani ni mgeni, kumbe ni mwenyeji.” Wengi huandika “surprisingly, he was the host”. Haijakosewa, lakini “kumbe” ina kitu ambacho “surprisingly” haina: inasema kwamba ukweli ulikuwepo siku zote na mimi ndiye niliyechelewa kuuona. Kiingereza hukisema hicho kwa kitenzi: “It turned out that he was the host”, au “He turned out to be the host”. Mshangao umo ndani yake tayari, huhitaji kuongeza kielezi.

“Surprisingly”: nafasi yake katika sentensi, na koma

Neno hili lina kazi mbili, na nafasi ndiyo inayoamua ni ipi. Likikaa mwanzoni na koma, linatoa maoni juu ya sentensi nzima. Likikaa kabla ya kivumishi au kielezi kingine, linapima kiasi.

“Surprisingly, the exam was easy.” Jambo la kushangaza ni kwamba mtihani ulikuwa rahisi; tulitarajia mgumu.

“The exam was surprisingly easy.” Mtihani ulikuwa rahisi kupita matarajio, labda tulijua utakuwa mwepesi, lakini si kiasi kile.

Tofauti ni nyembamba, na mara nyingine hali halisi inaruhusu zote mbili. Lakini ipo mifano ambayo kuhamisha neno kunabadilisha habari. “Surprisingly, few people came” inasema walikuja wachache na hilo linashangaza. “Surprisingly few people came” inasema idadi yenyewe ilikuwa ndogo kwa kiasi cha kushangaza, na hapo koma haina kazi. Ukiitia koma pasipotakiwa, umebadilisha kazi ya neno.

Kielezi hiki kikiachwa mwisho wa sentensi bila koma, ndipo sentensi kama ile ya mwanzo huzaliwa. “He sang surprisingly” inasikika kama sentensi iliyokatwa. Msomaji anangoja neno la kufuata. Surprisingly nini? “Well”? “Badly”? Likija na koma, “He sang, surprisingly”, linakubalika: aliimba, na hatukutegemea aimbe.

Na haliulizi. “Surprisingly, did he come?” haisimami, kwa sababu huwezi kutoa maoni juu ya habari ambayo bado unaitafuta. Likipima kiasi ndani ya swali halina shida: “Was it surprisingly heavy?”

Unaweza kuliongezea “enough”: “Surprisingly enough, nobody complained.” Hii hupunguza uzito, inaleta sauti ya mazungumzo. “Strangely enough”, “oddly enough” na “funnily enough” zimo katika ukoo huo. “Unexpectedly enough” haimo, usijaribu.

Pongezi inayouma

Mtego mkubwa wa “surprisingly” hauko katika sarufi. Uko katika adabu.

Kushangaa maana yake ulitegemea kingine. Kwa hiyo kila “surprisingly” inabeba habari mbili: kilichotokea, na ulichokuwa umekitarajia kabla ya hapo. Ukimwambia mtu “You speak English surprisingly well”, umemsifu kwa mdomo mmoja na kumwambia kwa mdomo mwingine kwamba ulipomtazama ulidhani hajui. “Your report was surprisingly good” inamfanya aliyeandika ripoti ajiulize ulikuwa unamwonaje jana. “Your sister is surprisingly intelligent” ni sentensi ya kuvunjia urafiki.

Hata anayejua Kiingereza vizuri huteleza hapa, kwa sababu katika Kiswahili “umenishangaza” inaweza kuwa sifa safi kabisa. Unamwambia mtoto “kazi yako imenishangaza” na anatabasamu. Kiingereza nacho kina sifa safi zenye asili ya mshangao, lakini zimewekwa katika maneno mengine. Ukitaka kusifu bila kuumiza, chagua “remarkably”: “You speak English remarkably well” inasema kiwango chako kinastahili kutajwa, bila kudokeza kwamba nilikudharau. “Impressively” nayo ni salama. “Amazingly” hupita katika mazungumzo, ingawa baadhi ya watu bado watahisi mdokezo uleule.

Mtego huo unageuka dhidi yako pia. Katika barua ya kuomba kazi, “Our project was surprisingly successful” inamwambia mwajiri kwamba wewe mwenyewe hukuamini mradi wako. Futa kielezi, weka tarakimu.

Katika maandishi ya kitaaluma, “surprisingly” ina nafasi ya heshima, kwa masharti. Ukiandika “Surprisingly, the second group learned faster”, umeahidi kwamba msomaji anajua ni kwa nini matokeo hayo hayakutarajiwa. Kama hukueleza nadharia iliyotabiri kinyume chake, mshangao wako unabaki hewani na msomaji makini atauliza: unashangaa nini? “Contrary to our prediction” ni ndefu zaidi lakini inasema wazi ni matarajio ya nani yaliyovunjika. Na ukitumia “surprisingly” mara tano katika sura moja, hakuna tena kinachoshangaza. Ama ulikuja bila maandalizi, ama unajaribu kuchangamsha data zilizopoa.

Majirani

“Unexpectedly” ndilo jirani wa karibu kuliko wote, na wengi huyafanya mapacha. Si mapacha. “Surprisingly” linahusu hisia, “unexpectedly” linahusu utabiri. Mgeni anaweza kufika bila taarifa: “She arrived unexpectedly.” Huwezi kusema “She arrived surprisingly” kwa maana hiyo. Mtu akifariki bila kuugua, Kiingereza husema “He died unexpectedly”; “he died surprisingly” ingesikika kama utani mbaya msibani. Habari za uchumi hulipenda neno hili, kwa mfano “Sales fell unexpectedly in March”, kwa sababu halina jazba: kulikuwa na makadirio, hayakutimia. Kanuni yangu ni fupi. Kama unaeleza tendo lenyewe lilivyotokea, tumia “unexpectedly”. Kama unatoa maoni juu ya tendo, tumia “surprisingly”.

“Suddenly” huingia hapa kwa mlango wa “ghafla”. Neno letu “ghafla” linabeba kasi na kutokutarajiwa kwa pamoja. “Suddenly” lina kasi zaidi kuliko kitu kingine, linahusu muda. “Alifariki ghafla” inaweza kuwa “suddenly” au “unexpectedly”, kutegemea kama unasisitiza upesi wa kifo au kwamba hakuna aliyekitazamia. Lakini mvua iliyosubiriwa siku nzima inaweza kuanza “suddenly” bila kumshangaza mtu yeyote.

“Amazingly” na “astonishingly” hupandisha kiwango. Kama “surprised” ni kushangaa, “amazed” ni kustaajabu, na “astonished” ni kupigwa na butwaa. Asili yao inasaidia kukumbuka: “amaze” katika Kiingereza cha kale lilihusu kuduwaa na kuchanganyikiwa, na “astonish” linarudi hadi kitenzi cha Kilatini “tonare”, kunguruma kwa radi. Aliyekuwa “astonished” amepigwa radi. Leo “amazingly” limechakaa kidogo na linaelekea upande wa mazuri, ingawa “amazingly bad” inasemwa pia. “Astonishingly” bado lina nguvu yake, kwa hiyo lihifadhi kwa jambo linalostahili.

“Incredibly” limechakaa zaidi. Kwa asili ni “kwa namna isiyoaminika”, lakini “incredibly tired” siku hizi ni “very tired” iliyopigiwa kelele. Likija mwanzoni na koma, “Incredibly, no one was hurt”, maana yake ya zamani inarudi yote. Huo ni mfano mzuri wa jinsi nafasi katika sentensi inavyoweza kuliokoa neno.

“Shockingly” ni la mabaya: bei, tabia, uzembe. Usimwambie mpishi chakula chake ni “shockingly good” hadi uwe umemzoea.

“Strangely” na “oddly” hazihusu matarajio hasa. Zinahusu kukosa maelezo. Kitu kinaweza kushangaza na kikaeleweka mara tu unapoambiwa sababu. Kitu kilicho “odd” unaambiwa sababu na bado unakuna kichwa. “Surprisingly, the door was open” inamaanisha tulidhani umefungwa. “Strangely, the door was open” inaleta hofu kidogo, kama kuna mtu ndani.

Tahajia, kwa kifupi

Kosa linaloonekana sana ni kuisahau r ya kwanza na kuandika “suprisingly”. Haliwahusu wageni tu. Wamarekani wengi hawaitamki r hiyo, na wasipoitamka huisahau kuiandika. Jingine ni z. Kwa kuwa Wamarekani huandika “realize” na Waingereza wengi “realise”, mtu hudhani “surprize” ni tahajia ya Marekani. Siyo. Pande zote mbili huandika “surprise” kwa s, kwa sababu mwisho wake hautokani na kiambishi kile bali na “prendre” ya Kifaransa. “Surprize” utaikuta katika vitabu vya karne ya 18, na hapo iache ilivyo.

“Si ajabu”

Upande wa kukanusha una kielezi chake, “unsurprisingly”, pamoja na “not surprisingly”. Maana ni moja, na zote mbili hukaa mwanzoni na koma: “Not surprisingly, the shop was closed on the holiday.” “Not surprisingly” ina mazungumzo zaidi, “unsurprisingly” hupendwa katika maandishi. Mazungumzo ya kawaida yana pia “no wonder”, ambayo hufuata baada ya mtu kupata sababu: “No wonder you’re tired.” Hiyo ndiyo “ndiyo maana” yetu ikisemwa kwa kutikisa kichwa.

Angalia tu “si ajabu” ya Kiswahili, kwa sababu ina nyuso mbili. “Si ajabu amefeli, hakusoma” ni “Unsurprisingly, he failed”, kwani tendo limeshapita na tunalitolea maoni. Lakini “Si ajabu akaja kesho” haitoi maoni juu ya tendo lolote, inakisia. Ukiandika “Unsurprisingly, he will come tomorrow”, umemhakikishia msomaji kwamba mtu huyo anakuja. Ulichotaka kusema ni “He may well come tomorrow”, au “I wouldn’t be surprised if he came tomorrow”, na katika hii ya pili “surprised” ni kivumishi, kiko kwa mwenye mshangao wake, bila -ly yoyote.